Msimu wa Mechi 60, Kelele za Mechi 162

Mfyuuu! Nimeanza na mfyonyo kwa sababu ndivyo mada hii inavyoanza siku zote pale kijiweni kwetu, kwenye maegesho ya madereva wanaosubiri abiria wa ndege hapa Houston. Mtu hautaji mwaka 2020. Anafyonya tu, na wote mnajua anasema kombe la Dodgers. Na tangu jamaa hao wa Los Angeles wachukue ubingwa wa besiboli tena mwaka 2024, wakarudia 2025, mifyonyo imezidi badala ya kupungua. "Haya mawili sawa," atasema mzee wetu wa Tanga, kofia ya Astros kichwani, kikombe cha chai mkononi. "Lakini lile la 2020 ni kombe la korona. Mechi 60! Hapo hata hujatoka jasho."

Kijana wa Kisumu, ambaye aliishi Los Angeles kabla ya kuhamia huku, hana subira na maneno hayo. "Mzee, shikamoo yako naitoa kila siku, lakini kwa hili nisamehe. Kombe lenu la 2017 lilitoka ndani ya pipa la taka. Unapata wapi ubavu wa kulisema la wenzako?" Hapo ndipo vikombe vinapowekwa chini.

Kwa wasioufuata mchezo huu, na najua mko wengi: kwenye ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 162, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku ya Mungu. Hakuna kusubiri Jumamosi. Ukifungwa leo, kesho umo uwanjani tena. Hata bingwa anaweza kufungwa mara 60 kwa mwaka na hakuna anayeitisha kikao cha dharura. Shabiki wa besiboli amezoea kula kidogo kidogo kwa miezi sita. Mwaka 2020 akawekewa mezani mechi 60, akaambiwa huo ndio msimu wako, kula.

Mimi nitasema langu mapema, nisije nikaambiwa nakula pande mbili. Kombe la 2020 ni halali kabisa. Kilichokuwa haramu ni mwezi wa Juni.

Twende taratibu. Tarehe 12 Machi mwaka ule mazoezi ya kabla ya msimu yalisimamishwa, zikiwa zimebaki wiki mbili ligi ianze. Hapo hakuna wa kulaumiwa, ugonjwa ni ugonjwa. Ndege zilipungua hadi maegesho yetu yakawa kama uwanja wa kufundishia udereva. Na mjue kwamba besiboli ilikuwa riziki yetu: mechi 81 za nyumbani kwa mwaka ni usiku 81 wa kupeleka watu uwanjani na kuwarudisha wakiwa wameshiba bia na kelele. Zote zikayeyuka.

Basi tukawa tunakaa mbalimbali, barakoa usoni, tunaangalia simu. Mwezi wa Mei Wakorea wakaanza ligi yao, na televisheni ya michezo ya Marekani, kwa njaa iliyokuwapo, ikanunua haki za kuonyesha. Mechi ya kwanza, tarehe 5 Mei, ilianza saa sita usiku kwa saa za hapa Texas. Watu wazima wenye ndevu, ambao hawajawahi kufika Seoul, wakawa wanabishana juu ya NC Dinos. Mashabiki wa jimbo la North Carolina waliikumbatia timu hiyo kwa sababu moja tu: herufi N na C. Haina uhusiano wowote na jimbo lao, ni ya kampuni ya michezo ya kompyuta ya Korea. Hawakujali. Na Dinos wakaja kuchukua ubingwa wa Korea mwaka huohuo. Mkongo wetu wa Lubumbashi hadi leo anajidai kwamba yeye aliwaona tangu mwanzo.

Wakorea walicheza mechi zao zote 144. Wajapani walichelewa hadi tarehe 19 Juni, wakapunguza kutoka 143 hadi 120. Na huku kwa wenyewe, nchi iliyouzaa mchezo, wakubwa walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanahesabu pesa.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Tarehe 26 Machi wenye timu na chama cha wachezaji walikubaliana: mishahara italipwa kulingana na mechi zitakazochezwa. Ukicheza nusu ya mechi, unalipwa nusu. Mambo yakaonekana yamekwisha. Ilipofika Mei, matajiri wakarudi wakisema viwanja havitakuwa na watu, kila mechi ni hasara, kwa hiyo punguzeni tena. Wachezaji wakasema tulishamaliza. Basi likaanza vuta nikuvute la aibu. Wenye timu wakaja na mechi 82 zenye mishahara iliyokatwa kwa viwango. Wachezaji wakajibu 114. Upande huu ukasema 76, ule ukasema 89. Ikaja 72. Mwisho mmoja akasema 60, mwingine akasema 70, na wakashindwa kukutana hata hapo. Tarehe 22 Juni viongozi wa wachezaji wakapiga kura 33 kwa 5 kuikataa ofa, na kamishna wa ligi, Rob Manfred, akapanga mwenyewe: 60.

Mfyuuu! Watu wanakufa hospitalini, wengine tumekaa maegeshoni bila abiria, na mabilionea wanagombana na mamilionea mbele ya kadamnasi. Mzee wa Tanga hapa huwa upande wa matajiri. Anasema mchezaji anayelipwa dola milioni ishirini hana haki ya kununa. Mimi namwambia, mzee, mwenye timu naye ni bilionea aliyetia saini. Ukiweka saini mwezi wa tatu, usije mwezi wa tano ukasema kalamu ilikuwa mbovu. Mchezaji aliishia kupata takriban asilimia 37 ya mshahara wake. Ukinionea huruma mimi niliyekosa abiria, basi mwonee huruma pia kijana wa ligi za chini, maana tarehe 30 Juni msimu wao ulifutwa wote, na yule hakuwa na milioni hata moja.

Mpira ukarushwa hatimaye tarehe 23 Julai kule Washington. Daktari Anthony Fauci, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, alipewa heshima ya kurusha mpira wa kwanza, akaurusha ukaenda kushoto kabisa, mbali na mdakaji. Mvua ikaja ikakatisha mechi katika zamu ya sita, Yankees wakapewa ushindi wa 4 kwa 1. Asubuhi ya siku hiyohiyo nyota wa nyumbani, Juan Soto, alikuwa amekutwa na korona. Yaani hata mganga wa kupiga ramli asingeweza kupanga ufunguzi wenye mikosi namna ile.

Viwanjani hakukuwa na mtu. Badala yake waliweka picha za watu zilizochapwa kwenye maboksi na plastiki, zikakaa vitini zinatabasamu. San Francisco shabiki alilipa dola 99 ili sura yake iende uwanjani bila yeye. Kelele za umati zilichukuliwa kutoka kwenye mchezo wa kompyuta, zikapigwa kwenye vipaza sauti. Kule Oakland waliwacheza watu shere nzuri zaidi: mwigizaji Tom Hanks, ambaye ujana wake aliuza vyakula katika uwanja ule, alirekodi sauti ya muuzaji anayenadi soseji, nayo ikapigwa kwenye viti vitupu. Chicago waliojiweza walipanda juu ya mapaa ya majengo yanayozunguka uwanja wa Cubs, wakaangalia kwa mbali. Toronto walifukuzwa na serikali yao wenyewe: Kanada haikutaka timu zinazovuka mpaka kila siku, hivyo Blue Jays wakahamia Buffalo, kwenye uwanja wa ligi ya chini.

Lakini ukitaka kujua nani alinufaika na viti vitupu, tazama kofia ya mzee wetu. Januari 2020 ligi ilitoa ripoti kwamba mwaka 2017, ule ambao Houston waliwafunga Dodgers fainali, Astros walikuwa wanatumia kamera kuiba ishara za vidole ambazo mdakaji humpa mrushaji. Mtu wa Astros akishaujua mpira unaokuja, anagonga pipa la taka, na mpigaji anasikia. Timu ikapigwa faini ya dola milioni 5. Meneja na mkuu wa usajili wakafungiwa mwaka mmoja na kufukuzwa kazi. Wachezaji? Hakuna aliyeguswa. Kombe? Likabaki kabatini.

Nchi nzima ilikuwa imejiandaa kuwazomea. Watu walishanunua tiketi kwa ajili hiyo tu. Kisha korona ikafunga milango, na Astros wakazunguka viwanja vya watu katika ukimya mtakatifu. Mashabiki wa Oakland walichanga pesa wakakodi ndege ndogo ikapita juu ya uwanja ikikokota bango la kuwatukana. Los Angeles walijipanga nje ya geti na mapipa yao, wakisubiri basi la Astros lipite. Ndiyo maana nawaambia shabiki ni kiumbe wa ajabu. Usipomfungulia mlango atakuzomea kutoka barabarani, na barabara ikifungwa atakodi ndege.

Na tarehe 28 Julai, hapa hapa Houston, mrushaji wa Dodgers aitwaye Joe Kelly alirusha mpira ukapita nyuma ya kichwa cha Alex Bregman, kisha akambinulia midomo Carlos Correa kama mtoto anayelia. Akafungiwa mechi 8, zikaja kupunguzwa hadi 5. Mwaka 2017 Kelly hata Dodgers hakuwapo. Piga hesabu: nane katika 60 ni karibu sawa na 22 katika 162. Mwizi mechi sifuri, mwenye hasira mechi nane! Hapo hata mzee wa Tanga hunyamaza, anajifanya anatafuta sukari.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: mechi 60 zinatosha kumjua bingwa? Hoja kali ya wanaobeza ni hii, na ni kali kweli. Mwaka 2019 Washington Nationals baada ya mechi 60 walikuwa wameshinda 27 na kufungwa 33. Msimu ungeishia pale, wangekwenda kuvua samaki. Lakini zilibaki 102, wakafufuka, wakaja kuchukua ubingwa hapa Houston, mbele ya macho yetu, katika mechi ya saba. Mechi 60 zingetunyima hadithi ile. (Sisi wa Houston tungeshukuru, lakini hilo ni jambo jingine.) Na mwaka 2020 mabingwa haohao wakamaliza na ushindi 26 kwa 34, wakaenda nyumbani.

Ufupi pia unaleta ndoto za ajabu. Charlie Blackmon wa Colorado baada ya mechi 17 za timu yake alikuwa na wastani wa .500, yaani nusu ya mapigo yake yote yalimfikisha kituoni. Watu wakaanza kuuliza: akimaliza juu ya .400, jambo ambalo kwa rekodi za wakati ule hakuna aliyelifanya tangu Ted Williams mwaka 1941, tuliandike au tusiliandike? Tulibishana wiki nzima. Blackmon akatuokoa mwenyewe kwa kushuka hadi .303.

Sawa. Lakini mnaobeza, mtazameni aliyeshinda. Dodgers walishinda 43 kati ya 60, mwendo ambao kwa mechi 162 ni ushindi 116, na hakuna timu iliyowahi kuvuka idadi hiyo. Fainali walikutana na Tampa Bay Rays, waliomaliza kileleni mwa upande wao kwa ushindi 40. Yaani pamoja na ufupi wote, na pamoja na kuongeza timu za mchujo hadi 16, waliobaki mwisho ni wale wawili waliostahili. Na kwa vile raundi ziliongezwa, bingwa alilazimika kushinda mechi 13 za mchujo. Kabla ya hapo hakuna bingwa aliyetakiwa kushinda nyingi kiasi hicho. Njiani walikuwa nyuma 3 kwa 1 mbele ya Atlanta, ambao nyota wao Freddie Freeman alianza Julai kitandani kwa homa ya korona na kumaliza mwaka akiwa mchezaji bora wa upande wake wa ligi. Huo ndio ubingwa wa dezo? Tena Astros wa mzee wetu waliingia kwenye mchujo huo na ushindi 29 kwa vipigo 31, timu ya hasara, wakafika hadi mechi moja kabla ya fainali. Wangeshinda wao, mngesikia kofia ile inavyoimba.

Na msisahau ilivyokuwa kuzifikia hizo 60. Miami walimaliza mechi za kwanza tu, ugonjwa ukawaingia, wakaambukizwa wachezaji 18. Cardinals wa St. Louis hawakucheza tangu mwisho wa Julai hadi tarehe 15 Agosti. Waliporudi waliogopa kujifungia kwenye ndege moja, wakakodi magari 41 wakaendesha hadi Chicago, kila mchezaji na gari lake. Habari hiyo tuliipenda sana maegeshoni: mamilionea wanashika usukani wenyewe! Kisha wakacheza mechi 53 katika siku 44. Kati ya mechi 900 za msimu, 898 zilichezwa. Waliocheza walitoka jasho, mzee wangu.

Fainali zote zilifanyika Arlington, mwendo wa saa nne kutoka hapa, na Texas iliruhusu watu kama elfu kumi na moja kwa mechi. Usiku wa mwisho, tarehe 27 Oktoba, Blake Snell wa Rays alikuwa amewang'oa wapigaji 9 na kuruhusu mapigo mawili tu. Meneja wake akamtoa akiwa amerusha mipira 73, kwa sababu karatasi za takwimu zilisema hivyo. Mfyuuu! Mookie Betts wa Dodgers alionekana anatabasamu. Muda mfupi baadaye mlango ukafunguka, Dodgers wakashinda 3 kwa 1. Halafu sherehe ikiendelea, Justin Turner, aliyetolewa katikati ya mechi baada ya majibu kuonyesha ana korona, akarudi uwanjani kupiga picha na kombe. Ligi haikumwadhibu.

Sasa rudini kwenye Juni, kwa sababu mifyonyo yenu yote imekosea mlengwa. Mnakishika kikombe cha Dodgers mnaacha mikono iliyoupunguza msimu. Ugonjwa ulichukua Aprili na Mei. Siku zilizobaki ziliuawa mezani. Na katika vurugu hiyo walipitisha vitu kwa jina la dharura, kama mgeni anayekuja na begi dogo akisema nalala siku mbili. Mkimbiaji wa bure kituo cha pili katika zamu za nyongeza, ili mechi ziishe haraka watu wasikae pamoja: mwaka 2023 akapewa ukaaji wa kudumu. Mpigaji anayepiga badala ya mrushaji katika pande zote mbili za ligi: tangu 2022 yumo. Mchujo mpana: ulishuka kutoka timu 16, lakini haukurudi kwenye 10 za zamani, leo ni 12. Ligi za chini zilizofutwa kwa msimu mmoja? Baada ya hapo timu zake zikapunguzwa kutoka 160 hadi 120, na miji midogo kama arobaini ikapoteza timu zake zilizofungamana na ligi kuu. Mgeni mmoja tu ndiye aliyefunga virago, zile mechi mbili kwa siku za zamu saba saba. Wengine wamebadilisha hadi mapazia.

Nasema haya si kwa sababu yote ni mabaya. Mkongo wetu anampenda yule mkimbiaji wa bure, anasema sasa anaweza kulala. Nasema kwa sababu hakuna aliyetuuliza, na sisi tulikuwa tunabishana kuhusu kombe.

Kwa hiyo mzee wangu wa Tanga, na wewe kijana wa Kisumu, pigeni kelele zenu kuhusu pipa na korona, ndiyo raha ya kijiwe. Lakini wekeni tarehe hii kwenye simu: mkataba kati ya wenye timu na wachezaji, uliotiwa saini Machi 2022 baada ya wachezaji kufungiwa nje kwa siku 99, unafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026. Safari hii hakutakuwa na korona ya kusingizia. Kabla hawajatia saini mpya, usinunue tiketi ya msimu, usinunue jezi, na usiwape dola 99 waweke picha yako kitini.